Printa ya Zamani, Kamera Mpya na Ruta Moja: Kisa cha Nyumba ya Mji wa Kale

Malalamiko yalikuwa yale yale: waifai nzito. Nyumba iko Mji wa Kale hapa Mombasa, ndani kabisa ya vichochoro. Ni ya ghorofa, kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake boriti. Wanaishi humo mwalimu mstaafu na mkewe, binti yao na wajukuu. Wamelipia faiba ya megabiti 40 kwa sekunde. Binti anafanyia kazi nyumbani. Anahudumia wateja kwa simu za intaneti, na ndiye aliyeumia zaidi. "Mteja hajui kama ni waifai," aliniambia. "Yeye anaona mimi ndiye niliyemkatia." Kazi ya mtu ilikuwa hatarini kwa ajili ya kitu ambacho wengine nyumbani walikiona kero ndogo tu.

Kila mmoja alikuwa na wa kumlaumu. Mwalimu aliilaumu kampuni ya intaneti, na hakuwa bila sababu. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na tangu hapo kila ikisuasua watu huuliza kama ni nyaya tena. Mkewe aliilaumu printa. "Fundi, hilo dude la zamani ndilo linalotuharibia. Nitolee hapo." Dude lenyewe ni printa ya leza ya mwaka 2005 hivi, ambayo Mwalimu bado anaitumia kuchapa mazoezi ya wanafunzi wake wa tuisheni. Binti naye alidhani ni michezo ya watoto.

Kabla ya kumsikiliza yeyote nilichomeka laptopu kwenye ruta kwa kebo. Kasi ikaja megabiti 39. Kipimo hiki ni cha dakika moja na watu wengi hukiruka, wakaishia kugombana na kampuni wiki nzima kwa kosa lisilo lake. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na faiba inaingia hadi sebuleni. Intaneti ilikuwa imefika salama. Iliharibika kati ya ruta na kiti alichokalia binti.

Nilichomoa kebo, nikaunganisha laptopu hiyo hiyo kwa waifai, nimekaa ubavuni mwa ruta. Kasi ikaporomoka hadi 19. Hapo sikuangalia tena kipimo cha mtandaoni. Niliangalia kasi ya kiungo, yaani ile ambayo laptopu na ruta zimekubaliana kusemezana kwayo. Windows huionyesha kwenye hali ya muunganisho. Ilisema 54.

Anayejua mitandao isiyo na waya akiiona 54 anashtuka. Hiyo ndiyo kasi ya juu kabisa ya kiwango cha waifai kiitwacho 802.11g, kilichotoka mwaka 2003, na cha 802.11a cha mwaka 1999. Laptopu ya binti ni ya Wi-Fi 5, yaani 802.11ac, kiwango cha mwaka 2013. Ikiwa karibu na ruta kwenye masafa ya gigahezi 5, kwa antena moja tu inapaswa kukubaliana na ruta kwa megabiti 433. Vifaa viwili vya kisasa, hatua moja kati yao, vinasemezana kama tuko 2003! Tena 54 haina maana kwamba utapata 54. Waifai hutumia sehemu kubwa ya muda kungojeana na kuthibitisha mapokezi, hivyo mkononi hubaki kama 20 na kitu. Ile 19 ikawa imejieleza.

Nikafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kutafuta kilichoirudisha nyuma. Nilikipata kwenye sehemu ya usalama: WPA, na usimbaji, yaani namna ya kuficha data hewani, ni TKIP peke yake, kwa masafa yote mawili, gigahezi 2.4 na 5.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndipo kiini cha kisa kilipo. Ulinzi wa kwanza wa waifai, WEP, ulivunjwa mwaka 2001. Mwaka 2003 ikaja WPA kama kiraka, ikitumia TKIP ili vifaa vilivyokwisha kuuzwa viendelee kufanya kazi bila kubadilishwa maunzi. Mwaka 2004 ikaja WPA2 yenye AES, usimbaji imara zaidi, na kuanzia Machi 2006 ikawa sharti kwa kila kifaa kipya kinachotaka nembo ya Wi-Fi. Printa ya Mwalimu ilitengenezwa kabla ya sharti hilo. Inajua WEP, inajua WPA ya TKIP, basi. Ukiiwekea AES haiungani, hata ukiandika nenosiri mara mia.

Fundi aliyefika kabla yangu alikuwa ameitwa kwa shida moja: printa haiungani na ruta mpya. Akaiwekea ruta TKIP, printa ikaungana, akaenda zake. Aliloombwa alilifanya. Alichokuwa hajui, na wengi hawajui kwa sababu ruta haitoi onyo lolote, ni kwamba kiwango cha 802.11n na vilivyokifuata vinakataza kasi zake za juu kutumiwa pamoja na WEP au TKIP. Ruta na simu zikilazimishwa kutumia TKIP hurudi kwenye kasi za g na a. Zinafuata sheria, hazijaharibika. Kwa ajili ya printa inayochapa karatasi chache jioni, kila simu, kila laptopu na runinga ya nyumba ile ilikuwa imeshushwa miaka kumi. Isitoshe, TKIP yenyewe imeshachakaa kiusalama na iliondolewa kwenye orodha ya njia zinazopendekezwa katika toleo la kiwango la mwaka 2012.

Nilibadilisha kuwa WPA2 yenye AES peke yake. Printa ikatoka kama ilivyotarajiwa. Laptopu ya binti ikarudi kuungana, safari hii kasi ya kiungo ikiwa 433, na kipimo kikapanda hadi 39 sawa na kebo. Ningeweza kukusanya vyombo vyangu nikaondoka, na nadhani kesi nyingi za namna hii huishia hapo, wenyewe wakapiga simu tena baada ya siku chache.

Nilimwomba binti aende kukaa pale anapofanyia kazi kila siku, chumba cha nyuma, ghorofa hiyo hiyo. Kati ya chumba hicho na ruta kuna ukuta wa matumbawe wa unene wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Gigahezi 5 haikuvuka. Laptopu ikajihamishia kwenye gigahezi 2.4, ambayo hupenya vizuri zaidi, na kasi ikawa inacheza: mara 25, mara 4, mara simu inakwama kabisa. Kitu kilikuwa kinakuja na kuondoka.

Nilikipata kwa kuuliza swali moja: wakati inakwama, kuna nani anafanya nini? Mama mwenye nyumba alikuwa ameshika simu yake akiangalia kamera ya mlango wa chini, maana alikuwa anamngoja mtu wa samaki. Akifungua picha ya kamera, simu ya binti inakwama. Akifunga, inarudi. Tulijaribu tena na tena mpaka yeye mwenyewe akaamini.

Kamera hiyo ndicho kifaa kilichonunuliwa karibuni kuliko vyote nyumbani. Ni ya 802.11n, masafa ya 2.4 pekee, na imefungwa juu ya mlango wa kichochoroni, chini kabisa, kuta mbili nene na sakafu moja kutoka kwenye ruta. Orodha ya vifaa kwenye ruta ilionyesha nguvu ya mawimbi yake kuwa hasi 84, hali ya kukata roho. Kifaa kikiwa katika hali hiyo hupunguza kasi ili kisikike, kikashuka ngazi kwa ngazi hadi ngazi ya mwisho: megabiti 1 kwa sekunde. Kasi hiyo imo tangu kiwango cha kwanza cha mwaka 1997.

Piga hesabu. Furushi moja la kawaida lina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwa megabiti 54, furushi hilo hukaa hewani kiasi cha sehemu 0.22 ya milisekunde. Kwa megabiti 1, linakaa milisekunde 12 nzima, zaidi ya mara hamsini. Na waifai hugawa zamu kwa furushi, haigawi kwa muda. Kamera ikitoa furushi moja na laptopu ikatoa furushi moja, kwa hesabu ya ruta wamegawana sawa, ilhali kamera imeikalia hewa karibu muda wote. Ni kama mkokoteni wa hamali ulioingia kichochoro cha Mji wa Kale: tuktuk iliyo nyuma yake ina injini, lakini itakwenda mwendo wa mkokoteni mpaka njia ipanuke. Kamera inayorusha picha ya nusu megabiti tu kwa sekunde, juu ya kiungo cha megabiti 1, imeshakula zaidi ya nusu ya hewa ya chaneli hiyo. Simu ya binti haikuwa na pa kupita.

Ndiyo maana sikubaliani na ile kauli inayorudiwa kila mahali kwamba ukiunganisha kifaa cha zamani, mtandao mzima unashuka hadi kasi yake. Kifaa cha zamani kilichotulia, kisichotuma kitu, gharama yake ni ndogo sana. Vifaa vya 802.11b vya mwaka 1999 ndivyo vyenye adha ya pekee, kwa sababu havielewi namna ya usemaji iliyoletwa na g: huisikia kama kelele tu. Ikibidi kuishi navyo, vifaa vipya hulazimika kutanguliza tangazo kwa lugha ya zamani kabla ya kila mazungumzo, na tangazo hilo linakula muda. Lakini printa ya Mwalimu ni ya g, tangazo hilo hailihitaji. Ikikaa karibu na ruta na kupokea kurasa zake tatu kwa megabiti 54, humalizana nayo upesi. Kifaa kipya kilichofungwa mbali kilikuwa kinaiziba hewa kuliko kifaa cha miaka ishirini kilichokaa karibu. Nyumba nzima ilikuwa imeshahukumu printa kwa sura yake.

Halafu kuna majirani. Katika vichochoro vile madirisha yanaangaliana, na nilipopekua mitandao inayosikika kutoka sebuleni, mingi ilikuwa imerundikana chaneli ya 6 na mingine imekaa 3, 4 na 9, ambako inawasumbua wa pande zote mbili. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Kila ruta hujitangaza kama mara kumi kwa sekunde, na ikiwa bado inakubali kasi za b, matangazo hayo hutoka kwa megabiti 1. Tangazo la baiti 300 hivi huchukua milisekunde 2.4; kwa sekunde moja ni kama asilimia 2.4 ya hewa, na bado hakuna aliyetuma hata salamu. Majina kumi ya namna hiyo kwenye chaneli moja yameshakula karibu robo. Ya jirani huwezi kuyazima, lakini ya kwako unaweza.

Sasa kazi. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, na hata kama lisingekuwa, mimi sipendi kutoboa ukuta wa matumbawe: ukigusa vibaya, chokaa inabanduka bamba zima. Kebo ya Etheneti hufika mita 100 bila shida, nasi tulihitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Niliipitisha kando ya ngazi, nikaifunga chini ya boriti ambako haionekani, ikatoka kwa upenyo wa hewa ulio juu ya mlango wa chini.

Kabatini mlikuwa na ruta yao ya zamani ya 802.11n, waliyoiacha kampuni ilipowaletea nyingine. Hiyo ndiyo niliyoifunga chini, karibu na kamera. Kwa anayetaka kufanya hivi kwake, mambo matatu ndiyo yanayowakwamisha watu. Zima kazi yake ya kugawa anwani, yaani DHCP, la sivyo ruta mbili zitagombania vifaa. Ipe anwani yake isiyofanana na ya ruta kubwa; hii niliipa 192.168.1.2. Na kebo itokayo juu ichomekwe kwenye tundu la LAN, si lile la WAN lenye rangi tofauti. Nikaiweka chaneli 11, ile ya juu nikaiweka chaneli 1, zote upana wa megahezi 20. Upana wa 40 kwenye gigahezi 2.4 mahali penye majirani wengi namna hii ni kuwaharibia wengine na kujiharibia mwenyewe.

Kamera ikaungana na ruta ya chini kwa megabiti 72, ikiwa hatua chache tu kutoka kwake. Ilipokwisha kuhama ndipo nilipoingia kwenye ruta ya juu na kuondoa kasi za b, ikabaki g na n. Mfuatano huu ni muhimu. Ukiondoa b kwanza, kasi ya chini kabisa inakuwa megabiti 6, na kifaa kilichokuwa kinajikongoja kwa 1 kinakatika palepale.

Ikabaki printa, na mama alikuwa bado anaingoja itoke mlangoni. Niliigeuza. Nyuma, chini ya tundu la waya wa umeme, kulikuwa na kizibo cheusi cha plastiki kilichoshikwa na vumbi na chumvi ya hewa ya baharini hata kikafanana rangi na mwili wa printa. Nilikibandua kwa kucha. Ndani yake mlikuwa na tundu la Etheneti ambalo halijawahi kutumiwa tangu printa itoke dukani, pini zake nane bado zinang'aa. Nilichomeka kebo fupi kutoka kwenye ruta, taa ya kijani ikawaka, nikazima waifai ya printa kwenye menyu yake, nikaitengea anwani ya kudumu ili laptopu isiipoteze. Mwalimu alichapa ukurasa wa hesabu za sehemu, akaushika mkononi akausoma wote kama anayesahihisha. "Ishirini mwaka huu hii," akasema. Mkewe alinyamaza, kisha akaiomba ichape orodha yake ya sokoni.

Kwa kebo, printa haihitaji TKIP, haihitaji nenosiri, haigusi hewa ya mtu. Kabla ya kutupa kifaa chochote cha zamani kinachokaa mahali pamoja, kigeuze uangalie nyuma. Kompyuta nzee ya mezani, runinga, mashine ya michezo: vingi vina tundu hilo. Visivyo nalo, kama laptopu nyepesi ya enzi za g, vinaweza kuongezewa kidude cha waifai cha USB kinachojua AES na gigahezi 5.

Kuhusu usalama, niliiacha WPA2 badala ya WPA3 iliyokuja mwaka 2018. Simu mbili za wajukuu hazikuweza kuiona ruta ikiwa kwenye WPA3 peke yake, na hali ya mchanganyiko hubabaisha baadhi ya vifaa vya bei nafuu, kamera zikiwa za kwanza. Sikuichukulia kuwa shida ndogo, lakini WPA2 yenye nenosiri refu inatosha nyumba ya watu hawa. Jambo lililonitia hofu zaidi ni kamera. Oktoba 2017 ulitangazwa udhaifu wa WPA2 uliopewa jina KRACK, na dawa yake ilikuwa sasisho la programu. Vifaa vingi vya zamani na vya bei ya chini havikupata sasisho hilo kamwe. Kamera yao niliisasisha, nikabadilisha nenosiri lililotoka nalo kiwandani, nikazima UPnP kwenye ruta ili kamera isijifungulie mlango wa kuingiliwa kutoka nje bila wenyewe kujua. Kuitenga kabisa kwenye mtandao wake hakukuwezekana kwa ruta walizonazo.

Swali la jina moja la waifai au majina mawili lilizuka, kama kawaida. Kwa nyumba yenye vifaa vya rika moja napendelea jina moja, vifaa vijichagulie. Hapa niliweka mawili, moja la 2.4 na moja la 5, kwa sababu kamera na plagi za kisasa za bei nafuu hutaka simu iwe kwenye 2.4 wakati wa kuziunganisha, na kwa sababu runinga ilikuwa inang'ang'ania 2.4 ingawa imekaa mbele ya ruta. Runinga ikapelekwa kwenye 5, chumba cha nyuma kikaachiwa 2.4 yake bila mgeni mzito.

Baada ya hapo binti alipata kati ya 28 na 33 pale anapofanyia kazi, mama akiwa ameifungua kamera na watoto wanacheza. Simu za kazi zimeacha kukatika. Chumba cha juu kabisa bado kina udhaifu, na kebo ya pili ndiyo dawa yake wakati wakiwa tayari.

Kampuni imewaahidi ruta ya Wi-Fi 6. Ni hatua njema, kwani 802.11ax inafanya kazi kwenye masafa yote mawili, na inaweza kuhudumia vifaa kadhaa ndani ya zamu moja. Lakini faida hiyo ni ya vifaa vya Wi-Fi 6 kwa Wi-Fi 6. Kamera itaendelea kuchukua zamu yake kwa namna yake ya 802.11n, kwa hiyo ruta ya chini ibaki mahali pake. Binti nimemwandikia karatasi ya mipangilio, ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati: siku ruta mpya ikifungwa, waangalie kwanza kwamba ni WPA2 AES au zaidi, chaneli 1, upana wa 20 kwenye 2.4, na kwamba printa imerudishwa kwenye kebo yake hata kama mfungaji atasema waifai inatosha.